Waanzilishi wa saraka za tovuti, acheni kufungua kategoria tupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wale wanaoanzisha saraka za tovuti: maktaba, vyama vya kitaaluma, shule, na watu binafsi wanaotaka kukusanya tovuti za lugha au fani fulani mahali pamoja. Kazi hiyo ni njema na bado inahitajika. Mtambo wa kutafutia humjibu mtu alichouliza. Haumwonyeshi mambo yaliyopo ambayo hakujua kwamba angeweza kuyauliza. Saraka nzuri humwonyesha. Lakini nyingi kati ya zinazoanzishwa huchora mti mzima wa kategoria siku ya kwanza, kabla hata tovuti 20 hazijapatikana. Msomaji anabofya mara saba, mara sita anakuta ukurasa mtupu, na huyo harudi tena.

Ushahidi wa ugonjwa huu uko wazi. Saraka ya Open Directory Project, iliyojulikana zaidi kwa jina la DMOZ, ilianzishwa Juni 1998 na Rich Skrenta, Bob Truel na wenzao, ikanunuliwa na kampuni ya Netscape mwaka huohuo, kisha ikaendeshwa na wahariri wa kujitolea hadi ilipofungwa Machi 2017. Mwishoni ukurasa wake wa mwanzo ulionyesha tovuti karibu milioni 3.9 na kategoria zaidi ya milioni 1. Gawanyeni wenyewe: wastani hauzidi tovuti nne kwa kategoria. Wastani huficha mengi, nakubali. Zilikuwapo kategoria zilizojaa vizuri na zenye wahariri makini. Lakini kwenye tawi la maeneo, muundo uleule wa biashara, elimu, afya na burudani ulikuwa ukinakiliwa mji kwa mji, uwe na tovuti za kuujaza au usiwe nazo. Ikiwa saraka yenye maelfu ya wahariri haikuweza kuujaza mti wake, ninyi mlio watatu mtaujaza lini?

Basi anzeni na tovuti. Kusanyeni kati ya 200 na 300 kwenye lahajedwali ya kawaida (jedwali la kompyuta, kama la Excel), bila kategoria hata moja. Safu nane zinatosha: anwani, jina rasmi la tovuti, maelezo ya mstari mmoja, mada kwa maneno yenu wenyewe, aina ya mwenye tovuti (shirika, duka, jarida, chuo, mtu binafsi), mahali inapohudumia, lugha, na tarehe ilipokaguliwa. Safu ya mada ijazwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuangaliziana. Mkiweka majibu yao sambamba mtaona mara moja penye tatizo. Wote wawili wakiandika “ufugaji wa nyuki”, hapo hapana mjadala. Mmoja akiandika “mazingira” na mwingine “kilimo” kwa tovuti ileile ya upandaji miti, mmeshajua mpaka utakaowasumbua kwa miaka, na mmeujua kabla ya kuujengea ukurasa.

Halafu panga lahajedwali kwa safu ya mada na utazame marundo yanavyojitokeza. Marundo hayo ndiyo kategoria zenu. Kabla ya kuyapa majina ya kudumu, andikeni tovuti 40 au 50 kwenye kadi, jina na maelezo ya mstari mmoja, na muwaombe watu wasiohusika na kazi hiyo wazipange wanavyoona inafaa. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen alipendekeza mwaka 2004 watu 15 kwa jaribio la namna hii, na idadi hiyo inatosha kabisa kwa saraka ya kawaida. Baada ya hapo fanyeni jaribio la kinyume, ambalo wengi hulisahau: mpeni mtu majina ya kategoria tu, hakuna tovuti, mkamwulize angebofya wapi kutafuta kitu fulani. Swali liwe la jambo, kwa mfano “unataka kujua namna ya kutibu mizinga iliyoshambuliwa na wadudu”, na lisitumie neno lililomo kwenye jina la kategoria, maana hapo mtakuwa mnapima macho yake, hamwupimi mti. Kategoria inayokosewa na watu zaidi ya watatu kati ya kumi ibadilishwe jina au ihamishwe.

Wengi huuliza ziwe kategoria kuu ngapi. Yahoo, iliyoanza mwaka 1994 kama orodha ya viungo ya Jerry Yang na David Filo walipokuwa wanafunzi wa Stanford, ilikaa na kategoria kuu 14. DMOZ ilikuwa na 16. Hizo zilikuwa saraka za kubeba mtandao mzima. Hesabu hii itawasaidia: kategoria kuu 14, kila moja ikiwa na ndogo 12, na kila ndogo ikiwa na nyingine 12 chini yake, ni kategoria za mwisho 2,016. Mkiweka tovuti 25 katika kila moja mmefikia 50,400. Yaani ngazi tatu zinabeba tovuti elfu hamsini. Saraka yenye tovuti 600 inahitaji kategoria za mwisho 30 hivi, na kategoria kuu nane zinaitosha bila kubanana. Ngazi ya nne ni ya saraka kubwa. Ya tano, kwa kawaida, ni dalili kwamba kuna kategoria iliyofunguliwa ili mti upendeze.

Kanuni ya kufungua na kugawa iandikwe kwa tarakimu, kwa sababu “ikijaa tutagawa” kila mhariri huielewa anavyotaka. Mimi napendekeza hivi: kategoria mpya isionekane kwa wasomaji mpaka iwe na tovuti tano, ikipita 40 igawanywe, ila tu kama kila sehemu itapata angalau tano. Tovuti 45 zinazofanana kabisa hazigawanyiki, hata zikizidi. Ziacheni hivyo, ziwekeeni herufi za kurukia juu ya ukurasa, mambo yaishe.

Kugawa ndiko kunakoharibu saraka nyingi, na chanzo karibu kila mara ni kuchanganya vigezo. Chukueni kategoria ya Afya iliyogawanywa hivi: Magonjwa, Hospitali, Watoto, Dawa za asili, Afrika. Inaonekana haina kasoro. Lakini Magonjwa ni mada, Hospitali ni aina ya taasisi, Watoto ni walengwa, Dawa za asili ni njia ya tiba, na Afrika ni mahali. Sasa iwekeni tovuti ya hospitali ya Afrika inayotibu malaria kwa watoto. Ina nyumba nne, na kila mhariri ataiweka kwenye ile iliyomjia kwanza akilini. Baada ya mwaka mmoja tovuti za namna moja zimetawanyika sehemu nne, na hakuna aliyekosea, kwa kuwa mti wenyewe uliruhusu.

Mhindi S. R. Ranganathan alilishughulikia jambo hili kwa vitabu tangu mwaka 1933, alipochapisha mfumo wake wa uainishaji unaokichambua kitabu kwa pande tano tofauti badala ya kukilazimisha kwenye tundu moja. Kwa saraka ya tovuti pande zinazofaa ni mada, aina ya mwenye tovuti, walengwa, mahali na lugha. Mada peke yake ndiyo ijenge mti. Pande nne zilizobaki ziwe vichujio: msomaji akiwa ndani ya Magonjwa achague kuona hospitali tu, au tovuti za lugha fulani tu. Ndiyo maana niliwaomba zile safu nane za lahajedwali mwanzoni; safu za aina, mahali na lugha zinageuka kuwa vichujio bila kazi ya ziada. Programu mnayotumia ikiwa haina vichujio, chagueni mpangilio mmoja wa vigezo, kwa mfano mada, kisha aina, kisha mahali, na mpangilio huo ufuatwe katika matawi yote. Kilichoharibu mfano wa Afya ni kuweka vigezo vitano kwenye ngazi moja.

Lugha naitaja peke yake. DMOZ ilizikusanya tovuti za lugha zisizo Kiingereza chini ya kategoria kuu moja iliyoitwa World, na ndani yake kila lugha ikajenga mti wake upya. Kwa wahariri ilikuwa rahisi, kwa kuwa kila kundi lilijitawala. Kwa msomaji anayesoma lugha mbili au tatu ilikuwa adhabu, maana alilazimika kutembea mada ileile katika miti mitatu isiyolingana. Saraka ya leo haina sababu ya kurudia hilo.

Kuna pia wanaopendekeza kuchukua mfumo wa maktaba wa Dewey mzima mzima kwa kuwa umekwisha kuandaliwa. Mfumo huo ni wa mwaka 1876, una madaraja makuu 10, na ulitengenezwa kwa ajili ya rafu, ambako kitabu kimoja husimama mahali pamoja tu. Pia umebeba uzito wa wakati wake. Katika daraja la 200, la dini, sehemu kubwa ya namba ilipewa Ukristo na dini nyingine zikasongamana kwenye 290. Katika daraja la 800, fasihi za lugha za Afrika zimebanwa ndani ya 896, na fasihi ya Kiswahili imepata 896.392, tarakimu tatu baada ya nukta, wakati fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Sisemi mfumo haufai kwa maktaba. Nasema ni mfano wa mti uliochorwa kabla ya vitu kuwasili, na wachelewaji wakakuta viti vimekwisha.

Mahali nako kuna mtego wake. Nchi hubadili majina na mipya huzaliwa: Sudan Kusini ilipata uhuru 2011, Swaziland ikawa Eswatini 2018, Masedonia ikawa Masedonia Kaskazini 2019. Saraka iliyoandika jina la nchi kama maandishi matupu kwenye kila tovuti italazimika kubadilisha mamia ya mistari, na itaacha mingine. Hifadhini msimbo wa herufi mbili wa ISO 3166, yaani kiwango cha kimataifa cha misimbo ya nchi, na jina likae kwenye jedwali lake. Eswatini bado ni SZ na Masedonia Kaskazini bado ni MK. Mtabadilisha mstari mmoja na saraka nzima itafuata. Msimbo huohuo unawatenganishia Kongo mbili, CD (ya Kinshasa) na CG (ya Brazzaville), ambazo wahariri huzichanganya kila wiki.

Hata mti ukiwa safi, zitakuwapo kategoria ambazo watu watazitafuta sehemu mbili. Lishe ya wagonjwa wa kisukari: chini ya Magonjwa au chini ya Lishe? Amueni nyumba moja, na upande wa pili muweke kiungo cha kuelekeza. Yahoo ilikuwa na desturi nzuri ya kuweka alama ya @ mwishoni mwa jina la kategoria inayoishi kwingine, na DMOZ ikaichukua. Msomaji alijua kwamba akibofya anahamia tawi jingine. Kosa linalotokea hapa ni la kiufundi. Mtengenezaji wa programu akikichukulia kiungo hicho kama mtoto halisi wa kategoria, mambo mawili huharibika. Kwanza, idadi ya tovuti inayoonyeshwa pembeni ya jina huhesabiwa mara mbili. Pili, mkiwa na kiungo kutoka Lishe kwenda Magonjwa na kingine kutoka Magonjwa kwenda Lishe, programu inayopita mti mzima itazunguka bila mwisho mpaka seva iikatize. Dawa yake ni kuviweka viungo vya kuelekeza kwenye jedwali la peke yake. Kwenye jedwali la kategoria, kila kategoria iwe na mama mmoja tu, yaani kategoria moja iliyo juu yake.

Nikiruhusiwa kuchagua jambo moja tu kati ya yote haya, ningechagua maelezo ya mipaka. Kila kategoria iwe na mistari mitatu inayosema nini kinaingia, nini hakiingii na kinakwenda wapi, pamoja na mfano mmoja wa tovuti ya mpakani na uamuzi wake. Kwa mfano:

Ufugaji wa nyuki. Zinaingia: tovuti za mafunzo, mizinga na vifaa, magonjwa ya nyuki, vyama vya wafugaji. Haziingii: maduka ya asali (zinakwenda Biashara › Vyakula), utafiti wa wadudu kwa ujumla (Sayansi › Biolojia › Wadudu). Mpakani: chama cha wafugaji chenye duka la asali kinabaki hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya tovuti yake ni mafunzo.

Mistari hiyo haichukui dakika kumi kuandika. Bila hiyo, mhariri mpya atasoma jina tu na kukisia, na yule aliyefungua kategoria akiondoka anaondoka na mipaka yote kichwani. Mstari wa “haziingii” ndio wenye faida kubwa kuliko yote, na ndio watu huuruka. Kategoria ambayo hakuna anayeweza kuiandikia mstari huo kwa kawaida haina mipaka, na ni afadhali ifungwe.

Majina yenyewe yawe mafupi, na neno zito litangulie. Saraka za Kiswahili zina tabia ya kuanza majina kwa “Masuala ya”, “Mambo ya”, “Habari za” na “Sekta ya”. Orodha ikipangwa kwa alfabeti nusu yake inaangukia M, na jicho la msomaji halina pa kushika. “Masuala ya Elimu” iwe Elimu. Taja mada kabla ya watu: Muziki ni kategoria, Wanamuziki ni kategoria ndogo ndani yake. Penye maneno mawili yanayotumika sawa, kama kompyuta na tarakilishi au televisheni na runinga, chagueni moja kwa jina, la pili likae kwenye orodha ya visawe ambayo kisanduku cha kutafutia huisoma. Angalieni pia ile alama ya ng': kwenye kibodi nyingi ni mstari ulionyooka, lakini programu za kuandikia huugeuza kuwa uliopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Anayetafuta “ng'ombe” kwa alama moja hatapata tovuti iliyoandikwa kwa nyingine. Programu ibadilishe zote ziwe aina moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Kwenye anwani ya ukurasa alama hiyo iondolewe kabisa: ngombe.

“Mengineyo” isiwepo kwa wasomaji. Iwe foleni ya ndani ya wahariri tu. Ikifikia sehemu ya kumi ya tovuti zote, isomeni yote kwa kikao kimoja. Mara nyingi mtakuta humo kategoria mbili au tatu zilizokuwa zikisubiri jina.

Sasa upande wa hifadhidata, ambako makosa huuma zaidi kwa sababu huonekana baadaye. Kila kategoria iwe na namba yake ya utambulisho isiyobadilika kamwe, na mama yake arejelewe kwa namba hiyo. Msitumie njia kamili, kama afya/magonjwa/kisukari, kuwa utambulisho. Siku mkilihamisha tawi la Magonjwa, kila kilicho chini yake kinapoteza jina. Njia itengenezwe na programu kutokana na namba. Kabla ya kukubali uhamisho wowote, programu ihakikishe kwamba mama mpya hayumo miongoni mwa vizazi vya kategoria inayohamishwa. Mhariri akiihamisha Afya kwa bahati mbaya ndani ya Magonjwa, tawi zima linajifunga lenyewe na kutoweka kwenye mti, ingawa data yote ipo. Kufuta nako kudhibitiwe: kategoria yenye watoto au tovuti ndani yake isifutike mpaka yaliyomo yahamishwe. Ziko hifadhidata zilizoamriwa kufuta kila kilicho chini pale mama anapofutwa, na mbofyo mmoja umeondoka na kazi ya mwaka.

Anwani ya ukurasa ikibadilika, ile ya zamani ielekezwe kwa mpya kwa jibu la 301, ambalo linazieleza programu na mitambo ya kutafutia kwamba uhamisho ni wa kudumu. Jibu la 302 ni la muda. Likitumika kwa uhamisho wa kudumu, mitambo inaweza kuendelea kuishikilia anwani ya zamani. Kategoria ikihamishwa mara ya pili, sahihisheni elekezo la kwanza liende moja kwa moja mwisho wa safari, pasiwe na mnyororo wa maelekezo matatu au manne.

Kwa tovuti zinazopendekezwa na wenyewe, fomu ionyeshe kategoria za mwisho peke yake. Mkiacha kategoria kuu wazi, karibu kila mpendekezaji ataichagua, kwa kuwa huko ndiko watu wengi hupita. Jina liwe jina rasmi la tovuti. Msipoangalia mtaona majina yakianza kwa AAA ili yakae juu ya alfabeti. Maelezo yasizidi maneno 30, yaseme tovuti ina nini, bila “bora”, “namba moja” wala “karibuni sana”. Aliyelipia nafasi atambulishwe hivyo kwa maandishi yanayoonekana, na msimbo wa kiungo chake uwekewe neno sponsored, ambalo Google ilianza kulitambua mwaka 2019.

Ukaguzi wa viungo uwe wa kila wiki, ufanywe na programu, lakini uamuzi ubaki kwa mtu. DMOZ ilikuwa na programu yake ya kukagua, Robozilla, na wahariri walikuwa wakipitia ilichokitia alama. Sababu ya kuhitaji mtu ni kwamba majibu ya seva, yanayotolewa kwa namba, hudanganya pande zote mbili. Jibu la 403 mara nyingi ni tovuti nzima inayokataa programu za ukaguzi, huku binadamu akifunguliwa. Ukaguzi unaoomba taarifa za utangulizi za ukurasa tu (ombi la HEAD), bila ukurasa wenyewe, hukataliwa na baadhi ya seva kwa 405, kwa hiyo ombeni ukurasa wenyewe. Jibu la 200, linaloonekana jema, linaweza kutoka kwenye kikoa kilichoisha muda na kununuliwa na wachezesha kamari. Ili kuligundua, programu ilinganishe jina la ukurasa (title) la leo na lile lililohifadhiwa wakati wa kuorodhesha. Majibu ya 404 (ukurasa haupatikani) na yale ya 500 (hitilafu ya seva) yapimwe mara tatu ndani ya wiki mbili kabla tovuti haijafichwa, maana seva hulala na kuamka. 410 haina haja ya kusubiri. Mwenye tovuti mwenyewe amesema imeondolewa. Tovuti zikiondolewa hivyo, baadhi ya kategoria zitashuka chini ya tano. Zirudisheni kwa mama zao, na anwani zielekezwe kwa 301.

Kwa walio na saraka iliyokwisha kuvurugika, msianze kwa kuchora mti mpya. Zuieni kufungua kategoria kwa mwezi mmoja. Toeni orodha ya kategoria zote pamoja na idadi ya tovuti zilizo ndani ya kila moja, moja kwa moja, bila kuhesabu za watoto wake. Zenye sifuri na zisizo na watoto zifungwe siku hiyohiyo. Zenye moja hadi nne zisizo na watoto ziunganishwe na mama, mkianzia ngazi ya chini kabisa kwenda juu, kwa sababu mkianzia juu mtaunganisha mara mbili. Kisha fungueni kumbukumbu za kisanduku cha kutafutia na muangalie maneno yaliyotafutwa bila kupata jibu: mengine ni visawe vinavyokosekana, mengine ni kategoria ambayo tovuti zake tayari mnazo lakini zimelala chini ya jina ambalo hakuna anayelifikiria. Maelezo ya mipaka yaandikwe kwa kategoria 20 zinazotembelewa zaidi kwanza. Zilizobaki ziandikwe kila mhariri anapogusa kategoria kwa sababu nyingine yoyote, na kategoria iliyopita miezi sita bila mtu kuigusa ijadiliwe kama inastahili kubaki.

Wako,
Mpangaji wa saraka za tovuti